Jina la Jiwe la Mama

Jiwe lenyewe, la figo, lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama.

Mama alikuja nalo hapa kwangu Kisumu ndani ya kichupa cha plastiki, kile cha kupimia mkojo. Alikitoa kwenye mkoba akakiweka mezani kando ya kikombe cha chai. Nilikiinamisha kidogo, jiwe likateleza likagonga upande wa kichupa. Lilikuwa la rangi ya kahawia, kama wimbi uliokaangwa ukapitiliza. Nikachukua kioo cha kukuzia nikaliangalia vizuri. Halikuwa la mviringo. Lilikuwa limejaa ncha, kama zile mbegu zinazong'ang'ania suruali ukipita kwenye nyasi ndefu.

"Haka ndiko kamenilaza chini siku mbili?" Mama akauliza.

"Ndiko, Mama."

"Na daktari amesema kanaitwaje?"

Nikasoma karatasi ya maabara. Oksaleti ya kalsiamu. Kalsiamu anaijua, kwa sababu amesikia kliniki wakisema ndiyo iliyo kwenye maziwa na mifupa. Lakini lile neno la kwanza alilirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

"Oksaleti. Hilo ni jina la nani?"

Sikumwelewa. Akanifafanulia kwamba jina halitoki hewani. Mtoto huitwa jina la babu, mto huitwa jina la mahali, ugonjwa huitwa jina la kile unachofanya mwilini. Sasa hili ni jina la nani?

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika shule ya upili. Kazi hii nimeifanya miaka 14. Ndani ya kabati yangu kuna chupa nzima ya fuwele za asidi ya oksaliki, ile inayozaa oksaleti, nyeupe kama sukari, ambazo huwapimia wanafunzi wa kidato cha nne kwa ajili ya jaribio la pamanganeti ya potasiamu. Najua fomula yake na najua moli moja ya fuwele hizo ina gramu 126. Najua mchanganyiko lazima upashwe moto kabla rangi ya zambarau haijaanza kupotea.

Jina nilikuwa silijui.

"Ni jina la kemikali tu, Mama," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye chai yake. Ndivyo anavyoitikia mtu akimpa jibu la kumfukuza na yeye hataki kumwaibisha.

Kabati ya dawa

Neno hilo lilinikaa wiki sita. Nilikuwa nikifungua kabati asubuhi kuandaa vipindi, naona majina yamejipanga mbele yangu kwenye vibandiko, na kila jina likawa linaniuliza lile swali la Mama.

Chupa mpya huandikwa majina ya silabasi: methanoiki, ethanoiki, propanoiki, butanoiki. Chupa za zamani, zile ambazo vibandiko vyake vimegeuka rangi ya chai, zina majina mengine kwa asidi zile zile: fomiki, asetiki, propioniki, butiriki. Wanafunzi hulalamika kwa nini kitu kimoja kina majina mawili, nasi huwaambia wakariri la mtihani.

Hayo majina mapya yana historia yake fupi. Mwaka 1892 wanakemia walikutana Geneva wakakubaliana kuwa jina lifuate idadi ya kaboni, ili mtu akisikia jina tu aweze kuuchora muundo. Mpango huo naupenda. Mtoto wa Bondo na mtoto wa Berlin wakisikia ethanoiki wote wanahesabu kaboni mbili, hakuna anayependelewa.

Lakini Mama hakuniuliza hesabu ya kaboni. Aliuliza ukoo.

Basi nikaanza na chupa iliyokuwa karibu na mkono, nikawa nafuatilia jina moja moja jioni baada ya kazi. Na jambo lililonishangaza, hata nikaona haya kwamba sikuwahi kulijua, ni kuwa majina haya ambayo watoto wetu huyakariri kama maneno ya kigeni yasiyo na maana yalikuwa maneno ya jikoni na zizini kwa watu walioyatoa. Asetiki inatokana na neno la Kilatini la siki. Laktiki ni maziwa. Maliki ni tofaa. Mtoto wa Roma ya kale angesikia "asidi ya tofaa", "asidi ya maziwa", na asingehitaji mwalimu.

Siafu, na kosa langu

Fomiki ni sisimizi. Kilatini chao ni *formica*. Mwaka 1671 Mwingereza aitwaye John Ray aliripoti kuwa sisimizi wakitiwa kwenye chombo na kukenekwa, yaani kuchemshwa na mvuke wake kupozwa, hutoa majimaji makali yanayofanana na siki. Miaka mingi baadaye, mwaka 1749, Mjerumani Andreas Marggraf akaisafisha vizuri zaidi asidi hiyo, naye pia alianza na sisimizi. Hebu fikiria ni wangapi walihitajika.

Hapa ndipo nilipokutana na kosa langu. Kwa miaka yote hii, tukifika kwenye asidi ya methanoiki, nimekuwa nikiwaambia wanafunzi: ndiyo ile ya siafu, ndiyo inayowasha akikuuma. Nilikulia Khayega, Kakamega, ambako mvua za masika zikishika siafu huhamia hadi ndani ya nyumba, na mtu huamka usiku akivua nguo mbio. Mfano huo ulikuwa wa kwetu na watoto waliupenda.

Siyo kweli. Siafu huuma kwa taya. Maumivu yale ni ya meno yake yaliyokamata ngozi yakakataa kuachia. Sisimizi wenye asidi ya fomiki ni wa ukoo mwingine, na mmoja wao anajulikana sana pwani: yule mwekundu anayeshona majani ya mwembe kuwa kiota, na ambaye akikuuma hukunyunyizia asidi yake palepale kwenye kidonda.

Watu wa pwani wanamwita maji moto.

Nilipoliona jina hilo nilikaa kimya kwa muda. Aliyelitunga hakuwa na chombo cha kukenekea. Alikuwa na mkono uliochomwa, akaeleza sawasawa alichohisi: kitu cha majimaji, kinachounguza. John Ray alihitaji moto na chupa kufika hapo hapo. Jumatatu iliyofuata niliomba dakika tano za kipindi nikawasahihishia kidato cha tatu habari ya siafu.

Siagi iliyoharibika na mtungi wa gesi

Chupa ya butiriki huwa naifungua dirisha likiwa wazi. Harufu yake ni ya siagi iliyooza, na kwa kweli ni ya matapishi. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki la siagi. Aliyeitoa kwenye siagi ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, mwanzoni mwa karne ya 19, mtu aliyetumia miaka mingi kupasua siri za mafuta na sabuni, akaishi hadi umri wa miaka 102.

Ni Chevreul huyo huyo aliyetupa mbili kati ya asidi tatu zilizoitwa kwa jina la mbuzi: kaproiki na kapriki. Ya tatu ni kapriliki. Kilatini cha mbuzi ni *capra*. Ukitaka kujua kwa nini, simama upande upepo unakovumia siku ya mnada wa mifugo, mahali palipofungwa mabeberu. Ile harufu inayokaa kwenye nguo hadi jioni inatoka katika jamii hiyo ya asidi.

Nikafikiri hapo basi nimeachana na majina ya Geneva. Kumbe sivyo. Wale waungwana walipoamua kuhesabu kaboni, kwa kaboni nne walichukua silabi ya kwanza ya butiriki. Kwa kaboni tatu walichukua ya propioniki, jina lililotungwa na Mfaransa Dumas mwaka 1847 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mafuta ya kwanza". Kwa hiyo propani na butani, gesi zilizo ndani ya mtungi unaopikia chai nyumbani kwako, zimebeba majina ya mafuta na siagi hadi leo. Mfumo wa hesabu umejengwa juu ya jikoni la zamani, na jikoni halikubomolewa.

Nilimpigia Mama simu jioni hiyo kumwambia habari ya mtungi wa gesi. Alicheka sana. Kisha akauliza, "Na langu je?"

"Bado, Mama. Nalitafuta."

Mfamasia wa Köping

Ukifuatilia majina haya utakutana na mtu mmoja kila kona, na mimi nimempenda. Carl Wilhelm Scheele alizaliwa mwaka 1742, akawa mwanagenzi katika duka la dawa tangu ujana, na maisha yake yote akafanya kazi ya mfamasia nchini Uswidi, mwishowe katika mji mdogo wa Köping. Hakuwa profesa. Alikuwa nyuma ya kaunta akiuza dawa, na usiku alikuwa chumba cha nyuma na vyungu vyake.

Tartariki ni yake, mwaka 1769, kutokana na gaga linaloganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Sisi hatuna mapipa ya mvinyo, lakini asidi hiyo hiyo ndiyo inayokunja uso wako ukiramba ukwaju wa pale soko la Kibuye. Laktiki ni yake, mwaka 1780, kutokana na maziwa yaliyochacha. Sitriki ni yake, mwaka 1784, kutokana na maji ya limau. Maliki, mwaka 1785, kutokana na matofaa yasiyoiva. Alikufa mwaka 1786, akiwa na miaka 43. Alikuwa na desturi ya kuonja kila alichokitengeneza.

Hapa kwenye laktiki nilisimama kidogo, kwa sababu ya jina letu. Maziwa mala. Wengi wetu tumelitamka hadi tumesahau kuwa ni maziwa lala, maziwa yaliyolala. Wanakemia wa Ulaya waliipa asidi yao jina la kitu chenyewe, maziwa. Sisi tukayaita kwa yaliyoyapata: yaliachwa usiku, yakalala, yakaamka yakiwa mengine. Ukipanda milima ya Nandi ukakaribishwa mursik kutoka kwenye kibuyu, unakunywa kazi ya bakteria walewale wa laktiki, na mkaa uliosuguliwa ndani ya kibuyu ukaipa rangi ya kijivu.

Lakini nililokuwa nalitafuta kwa Scheele ni namna alivyofanya, na nililipata. Asidi hizi huwa zimeyeyuka ndani ya juisi, huwezi kuzichota. Yeye aliingiza chokaa. Chokaa ina kalsiamu, na kalsiamu hushikana na asidi ya limau ikawa unga mweupe unaozama chini. Ukishaupata unga, unauosha, kisha unaitoa kalsiamu kwa asidi ya salfuri, na asidi ya limau inabaki peke yake, safi, tayari kuganda kuwa fuwele.

Kalsiamu inakamata asidi, vinazama pamoja chini.

Nilisoma mstari huo saa nne usiku nikaweka simu mezani. Kile kilichotokea kwenye chungu cha Köping ndicho kilichotokea kwenye figo ya Mama. Kalsiamu iliikamata oksaleti, vikazama. Tofauti ni kwamba kwenye figo hakuna wa kuja kuosha unga.

Na Scheele alifika hata hapo. Mwaka 1776 alichunguza mawe yaliyotoka kwenye kibofu cha mkojo akapata ndani yake asidi ambayo leo tunaiita yuriki, kwa jina la mkojo wenyewe. Mwaka huo huo alichukua sukari, akaichemsha na asidi ya nitriki, akapata fuwele kali. Akaziita asidi ya sukari.

Hiyo ndiyo oksaliki.

Gugu

Jina la sukari halikudumu. Miaka michache baadaye, mwaka 1784, Scheele mwenyewe alionyesha kuwa asidi yake ya sukari ni ile ile iliyokuwa ikitolewa tangu zamani kwenye mmea mmoja mdogo mchachu. Mmea huo kwa jina la kitaalamu huitwa *Oxalis*. Neno linatokana na Kigiriki, *oxys*, yaani kali, chachu.

Nilitafuta picha.

Majani matatu, kila moja na umbo la moyo, yanayojikunja jioni. Ua dogo, la njano kwa aina moja, la waridi kwa nyingine. Vitunguu vidogo vidogo chini ya udongo ambavyo ukiling'oa vinabaki na kuota upya.

Nimeling'oa gugu hilo maisha yangu yote. Katika shamba la Mama, kati ya mistari ya mahindi na maharagwe, hakuna kitu kilichonichosha mgongo kama hilo. Na tulikuwa tukilila. Tukitumwa kupalilia tulikuwa tunachuma majani yake tunatafuna, tunashindana nani atakunja uso mwisho. Mama alikuwa akitukemea kuwa tutaumwa tumbo.

Kwa hiyo jiwe lililomlaza Mama lilikuwa na jina la gugu alilolipalilia kwa zaidi ya miaka 40.

Neno hilo *oxys* limezaa na lingine unalolijua. Mfaransa Lavoisier aliamini kuwa kila asidi lazima iwe na ile hewa tunayoivuta, akaiita oksijeni, "mzaa uchachu". Alikosea. Mwingereza Humphry Davy alikuja kuonyesha kuwa asidi ya hidrokloriki haina oksijeni hata chembe. Kosa likasahihishwa vitabuni, jina likabaki, na kila pumzi yetu imebeba jina la imani iliyoshindwa.

Maji ya kwanza

Sasa nafika mahali ambapo nilitaka kuacha kuandika.

Mama ana namna yake ya kupika mchicha. Kwao unaitwa tsimboka. Huuchemsha, humwaga maji ya kwanza, halafu huongeza maziwa na kuuacha polepole jikoni. Mboga ngumu kama kunde huzitia munyu, ule wa majivu: maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu yakatiwa kwenye chombo chenye matundu, maji yakapitishwa, yakadondoka ya rangi ya chai. Namna hiyo alifundishwa na mama mkwe wake.

Miaka mitatu iliyopita, shinikizo lake la damu lilipopanda, nilimkataza. Mimi, mtu wa maabara. Nilimwambia: "Mama, hayo maji unayomwaga ni vitamini. Na munyu unaua zilizobaki. Na maziwa ni mafuta, yaache." Nikamnunulia vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha kwenye maji, vya miligramu 1,000 kila kimoja, nikamwambia anywe kimoja kila siku. Alitii. Mama hubishana na kila mtu, lakini na mimi katika mambo ya shule huwa anatii.

Sehemu ya niliyosema ni kweli. Vitamini C ni asidi, na jina lake la kitaalamu ni askobiki, maana yake "isiyo na kiseyeye", ule ugonjwa wa ufizi kutoka damu uliowaua mabaharia. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria aliitenga, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobeli. Huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukimwaga maji unaimwaga. Na kwenye maji ya majivu, ambayo ni alkali, huharibika upesi. (Hata neno alkali, nimekuja kujua, ni la Kiarabu, *al-qali*, na maana yake ni majivu ya mmea. Nilikuwa nikimkataza bibi mmoja wa Kakamega kutumia majivu yale yale yaliyoipa kemia neno alkali.)

Lakini oksaleti nayo huyeyuka kwenye maji. Mchicha umejaa, spinachi imejaa. Maji ya kwanza aliyokuwa akimwaga yaliondoka na sehemu yake kubwa. Na maziwa aliyoongeza yalikuwa yakifanya kazi ya chokaa ya Scheele: kalsiamu yake inaikamata oksaleti tumboni, vinashikana humo humo, vinatoka na choo bila kufika kwenye damu wala figo.

Nilimwondolea vyote viwili kwa siku moja.

Na vile vidonge. Mwanamke mzima anahitaji takriban miligramu 75 za vitamini C kwa siku. Nilikuwa nikimpa zaidi ya mara 13. Mwili huivunja sehemu ya askobiki, na kimojawapo cha vitu inavyogeuka ni oksaleti.

Nilimpigia daktari aliyemtibu nikamwuliza wazi kama ni mimi. Alikuwa mpole. Alisema mawe ya aina hii ndiyo ya kawaida kuliko yote, na hayana mzazi mmoja: joto, kunywa maji kidogo, chumvi nyingi, ukoo. Alisema Mama mwenyewe alikiri kuwa siku za shamba hunywa vikombe viwili vya chai basi, hadi jioni. Akasema aache vidonge. Kuhusu maziwa alisema, "Ayarudishe, ila yasiwe na malai."

Hakusema ni mimi. Hakusema si mimi. Nimejaribu kulipima hilo kama ninavyopima mchanganyiko kwenye bureti, tone kwa tone, nione ni wapi rangi inabadilika, na haibadiliki. Hakuna jaribio la kuligawa jiwe moja kati ya jua, chai na mwana.

Linaloniuma ni kwamba sikumwuliza. Kabla ya kumkataza sikumwuliza kwa nini maji ya kwanza humwagwa. Huenda angesema tu kwamba ni kuondoa ukali. Hilo pekee lingetosha kunifikirisha, kwa sababu ukali ndilo neno lenyewe. Ndilo *oxys*.

Khayega, Jumamosi

Nilipanda matatu asubuhi, nikapitia Chavakali, nikashuka Khayega kabla ya saa tano. Misa ya mazishi ilikuwa inaendelea Mukumu na barabara ilikuwa na watu. Mama alikuwa ameketi kivulini akichambua tsimboka kwenye ungo.

Sikuingia ndani. Nilienda moja kwa moja kwenye mstari wa maharagwe, nikainama, nikang'oa shina moja la gugu la majani matatu pamoja na mizizi yake, nikampelekea.

"Mama, uliniuliza ni jina la nani. Ni la hili."

Alilipokea. Akaligeuza, akakwanyua jani moja akalipangusa kwenye leso, akalitia kinywani. Nilimwona akikunja uso kidogo, upande mmoja, kama tulivyokuwa tukikunja sisi. Kisha akalitaja gugu kwa jina lake la Kiluhya.

"Kumbe ni hili," akasema. "Hili nalijua."

Nikamwambia na yale mengine. Maji ya kwanza, maziwa, vidonge. Niliyasema yote kwa mpigo nikiwa nimesimama, na aliendelea kuchambua mboga nikizungumza, jani kwa jani, shina ngumu akizitupia kuku. Nilipomaliza alinyamaza kiasi cha kunitia wasiwasi.

"Uliponikataza," akasema hatimaye, "niliuliza mama mkwe wangu angesema nini. Lakini alishakufa. Nikasema basi mtoto amesoma."

Hakuongeza neno.

Nilimkamulia ndimu mbili kwenye jagi la maji, kwa sababu sitriki nayo ina kazi hapa: hushikana na kalsiamu kwenye mkojo na kuizuia isiikimbilie oksaleti. Asidi ya Scheele ya mwaka 1784 ikiilinda figo dhidi ya ile ya mwaka 1776. Nilimweleza hivyo, akanywa nusu jagi akilalamika kuwa haina sukari.

Halafu tukaingia jikoni. Sufuria ilikuwa imeanza kuchemka na maji yamegeuka kijani kizito. Aliifunika kwa sahani, akashika pande zote mbili kwa kitambaa, akatoka nayo nje hadi kwenye mgomba ulio nyuma ya jiko. Pale akasita, akageuka kunitazama, sufuria ikitoa mvuke mikononi mwake.

"Sasa haya maji," akauliza, "nimwage?"

"Mwaga, Mama."

Akamwaga yote kwenye shina la mgomba, akarudi ndani kuchukua maziwa.